Pampu ya maji ya injini ikigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wa pampu za petroli na dizeli wanauliza kila msimu. Wanaouliza ni wakulima wa umwagiliaji kule Kilombero na Ruaha, wenye mashamba kando ya Ziwa Victoria, wachimbaji wanaotoa maji shimoni, mafundi wa skimu za maji vijijini na wale wa viwandani. Yanaanzia kwenye ya kila siku na kuishia kwenye yale ya mara mojamoja, na ukiona umetumwa swali lingine nenda kalisome maana sijarudia.

Kitu kimoja kishike kabla hujashika spana: mara nyingi injini inasingiziwa. Inafunguliwa kabureta, inafunguliwa nozo, hela inaisha, kumbe hosi ya kunyonya inaingiza hewa kwenye klipu iliyolegea. Anza upande wa maji, tena upande wa kunyonya, ndo uje kwenye injini.

## Maji hayaji, au yanakuja kidogo

1. Injini inanguruma vizuri tu, maji hayatoki hata tone. Nianzie wapi?

Zima kwanza. Usiiache inazunguka kavu huku unatafuta tatizo, sili ya shafti inapozwa na maji hayohayo yanayosukumwa na ikiyakosa inaungua haraka (swali la 9). Alafu fungua kifuniko cha kujazia uone ndani kuna maji au hamna.

Zile pampu zinazojivuta zenyewe zinataka kesingi (lile gamba la pampu) ijae maji, kisha unazipa dakika kadhaa zitoe hewa iliyoko kwenye hosi, na hosi ikiwa ndefu mda unaongezeka. Zile zisizojivuta, hasa hizi kubwa zilizofungwa kwenye fremu moja na injini ya dizeli, zinataka kesingi pamoja na bomba lote la kunyonya vijae mpaka maji yamwagike juu, na hapo lazima futi valvu, ile valvu ya mwisho wa hosi majini inayozuia maji yasirudi, iwe inashika. Ukimimina ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu na maji yanapotea tu, basi futi valvu imebanwa na jani au jiwe, au raba yake imekwisha.

Angalia na kifuniko chenyewe cha kujazia. Ile raba yake ndogo ikipotea watu wanafunga hivohivo, na hapo ndo hewa inapopitia.

2. Nimejaza maji vizuri na bado haivuti. Sasa?

Tafuta hewa. Na hapa watu wengi wanapotea njia kwa sababu wanatafuta mahali panapovuja maji, wakati upande wa kunyonya haumwagi maji nje, unavuta hewa ndani, kwa hiyo unaweza kuwa mkavu kabisa na bado umetoboka. Pitia kila kiungo kuanzia kwenye pampu kwenda majini: gasketi ya flenji, raba ya kaplingi ya hosi, klipu zote, na nyuzi za bomba kama hazikuwekwa tepu.

Njia rahisi ni povu zito, la kunyolea ndevu au la sabuni ya unga. Lipake kwenye kiungo pampu ikiwa inafanya kazi. Panapovuja utaona povu linazama ndani, linaacha kishimo. Kaza, subiri kidogo, uone maji yanavyobadilika.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hata mafundi unawachosha: hosi iliyozeeka ambayo utando wake wa ndani umebanduka. Kwa nje nzima, ukiikanyaga ngumu, ukipiga resi ule utando unavutwa na kuziba njia, ukizima unarudi mahali pake. Ukihisi hivo badilisha hosi na nyingine hata ya kuazima, ndo jibu la haraka kuliko yote. Na usitumie mpira laini wa kusukumia kwenye kunyonya, unajikunja papo hapo.

3. Inatoa maji dakika chache alafu inakata, nikizima na kuwasha inatoa tena. Kwa nini?

Kama injini yenyewe ndo inazima nenda swali la 12. Kama injini inaendelea ila maji ndo yanakata, kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza, chemchemi au kisima hakiwezi kasi ya pampu, maji yanashuka mpaka chujio linaonekana, unasubiri yanajaa tena. Punguza resi. La pili, chujio liko karibu mno na uso wa maji na pametokea kizunguzungu kinachoshusha hewa mpaka kwenye hosi. Kwa hosi za inchi 3 na 4 mimi nataka chujio lizame angalau nusu mita, na pasipowezekana laza ubao uelee juu yake, kile kizunguzungu kinakufa. La tatu ni hosi yenye mgongo, yaani imepanda juu ya gogo au ukuta alafu ikashuka tena kabla ya kufika kwenye pampu. Hewa inakusanyika pale mgongoni mpaka inakata maji. Hosi ya kunyonya inatakiwa ipande tu, mwanzo mpaka mwisho, bila kushuka popote.

4. Pampu inaweza kunyonya kutoka kina gani?

Kinachonyanyua maji kwenye hosi ni uzito wa hewa ya nje. Pampu kazi yake ni kupunguza hewa iliyoko ndani ya hosi, nje inasukuma. Usawa wa bahari uzito huo unaweza kunyanyua maji mita 10.3, na hiyo ni hesabu ya karatasi ambayo hamna pampu inaifikia. Kwa vitendo Tanga au Mombasa ukipata mita 7 shukuru.

Ukipanda juu unapoteza kama mita 1.1 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo pale karatasi inasema 9 hivi. Naivasha iko karibu mita 1,890, karatasi inabaki na 8 na kidogo, na kwa kazi halisi panga mita 5. Sasa mtu wa Naivasha au Iringa anaponunua pampu iliyoandikwa inanyonya mita 8, hiyo namba imepimwa usawa wa bahari, kwake haitafika hata afanyeje. Na injini isiyo na tabo nayo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, unapata hasara pande mbili.

Kina kinapimwa wima kutoka uso wa maji mpaka katikati ya pampu. Dawa yake sio kuongeza hosi. Chimba kibenchi kwenye ukingo ushushe pampu karibu na maji, alafu iache isukume kwenda juu, kusukuma ndo kazi inayoiweza. Kisima kirefu ni habari nyingine, soma swali la 22 kabla hujafanya lolote.

5. Maji yanatoka ila hayana nguvu kama zamani. Impela, ile feni ya ndani inayosukuma maji, imekwisha?

Inawezekana, ila iweke mwisho. Kwanza pima mizunguko ya injini, kipimo cha mkononi sio ghali na kinamaliza mabishano. Pampu ya impela inaitegemea sana kasi: mizunguko ikishuka kutoka 3,600 mpaka 3,000 kwa dakika, wingi wa maji unabaki asilimia 83, lakini urefu wa kusukuma unashuka mpaka asilimia 69. Iliyokuwa inapandisha mita 25 sasa inaishia 17, na shamba lako liko mita 20. Gavana (kinachoshikilia kasi ya injini) iliyolegea, waya wa resi ulionyooka au filta ya hewa iliyojaa vumbi inatosha kukuletea hayo.

Pili angalia hosi. Kuna watu wana pampu ya inchi 3 wakaunga hosi ya inchi 2 kwa sababu ni rahisi dukani. Kwa maji yaleyale, msuguano kwenye inchi 2 ni zaidi ya mara 7 ya inchi 3. Unachoma mafuta kupambana na mpira.

Tatu, kama umebadilisha injini au mkanda hivi karibuni, hakikisha pampu inazunguka upande wa mshale uliochorwa kwenye kesingi. Ikizunguka kinyume bado inatoa maji, kidogo, na hiyo ndo inafanya watu wasishtuke.

Ukishapita yote hayo ndo uanze kuwaza impela na ile pete ya kuzuia maji kurudi. Na hata hapo usifungue kabla ya kufanya kipimo cha swali la 7.

## Kupima kabla ya kufungua

6. Nawezaje kujua tatizo liko upande gani bila kufungua kitu?

Nunua geji mbili. Moja ya vakyumu, yaani ya kupima nguvu ya kuvuta, ifunge upande wa kunyonya karibu na pampu. Nyingine ya presha, upande wa kutoa. Nasisitiza sana hili kwa sababu geji mbili bei yake haifiki hata ufundi wa kufungua injini mara moja.

Kwenye vakyumu, 0.1 ya baa ni karibu mita 1 ya maji. Maji yako yako chini mita 3 na geji inasoma 0.35 au 0.4, sawa kabisa, kilichozidi ni msuguano wa hosi. Ikisoma 0.7 kwa kina hichohicho na maji ni machache, kuna kizuizi: chujio limeziba, futi valvu haifunguki yote, au ule utando wa swali la 2. Ikisoma karibu na sifuri na maji hayaji, hewa inaingia au pampu haikujazwa. Sindano ikichezacheza bila kutulia, hewa inaingia kwa vipindi au maji yanachemka ndani kama ilivyoelezwa swali la 8.

7. Na kujua kama impela imechoka?

Pampu ikiwa imejaa na injini iko kwenye mizunguko iliyoandikwa kwenye kibati cha namba cha pampu, funga geti valvu ya kutoa taratibu mpaka mwisho, soma presha, fungua. Isizidi dakika moja maana maji yaliyofungiwa ndani yanapata moto upesi. Kila baa moja ni mita 10 na kidogo. Chukua mita ulizosoma, jumlisha kina cha kunyonya, linganisha na urefu wa juu kabisa ulioandikwa. Kibati kinasema 30, wewe umepata baa 2.6 na kina cha mita 3, basi pampu yako ni nzima na tatizo liko kwenye bomba. Umepata jumla ya 20 kwa mizunguko sahihi, hapo fungua, impela au pete imekwisha.

Kipimo hiki ni cha pampu za impela peke yake. Pampu ya pistoni au ya skrubu usiifungie njia ya kutoa kamwe, haina pa kupumulia, itapasua bomba au kesingi.

## Kelele, kuvuja, mtikisiko

8. Ndani ya pampu kuna kelele kama kokoto kwenye debe, lakini nikifungua hamna mawe. Ni nini?

Maji yanachemka bila moto. Upande wa kunyonya ukibanwa kupita kiasi presha inashuka mpaka maji yanatoa mapovu ya mvuke, mapovu yakifika kwenye presha ya impela yanapasuka kwa nguvu na kila moja linang'oa chembe ya chuma. Ukiifungua baadaye utakuta mabawa ya impela yana vishimo vishimo.

Kaza geti valvu ya kutoa kidogokidogo usikilize: kelele ikipungua, ndo yenyewe. Usiendelee kufanya kazi hivo msimu mzima. Safisha chujio, shusha pampu, weka hosi pana zaidi upande wa kunyonya, au punguza resi. Na kamwe usitumie valvu ya upande wa kunyonya kupunguza maji, hiyo iwe wazi yote siku zote.

9. Maji yanavuja pale shafti inapoingia kwenye pampu. Nikaze?

Inategemea ni ya aina gani. Pampu yenye kamba za pakini inatakiwa idondoshe, matone 40 mpaka 60 kwa dakika ni afya, ndo kinachopoza shafti. Ukikaza mpaka ikauke unaipika kamba na kuchimba mfereji kwenye shafti, na mfereji ule ukishakuwepo hata kamba mpya haishiki. Kaza nati zote mbili sawasawa, robo ya mzunguko, subiri dakika kumi, uone.

Yenye sili, ile ya sura mbili zinazosuguana, haitakiwi kudondosha kabisa. Ikidondosha badilisha yote, usibadilishe nusu, na usizishike zile sura kwa vidole vyenye grisi au mchanga. Kilichoiua mara nyingi ni kuzunguka kavu, kwa hiyo kama hujatibu sababu za swali la 1 na la 3 utanunua nyingine baada ya wiki.

10. Kaplingi inakula raba kila baada ya mda mfupi.

Injini na pampu hazijanyooka. Weka rula ya chuma juu ya kaplingi, kisha chini, kushoto, kulia. Pote ilale bila mwanga kupita, na mwanya kati ya vipande viwili uwe sawa kuzunguka pote. Fanya hivyo baada ya kufunga mabomba, maana bomba zito lisilo na nguzo linavuta pampu pembeni na kuharibu kazi yote uliyoifanya. Beringi za pampu zinazokufa mara kwa mara zina sababu hiyohiyo.

11. Nikizima injini bomba linapiga kishindo, juzi futi valvu imepasuka.

Maji yaliyoko mlimani yanarudi yote kwa mpigo. Weka valvu ya kuzuia maji kurudi karibu na pampu upande wa kutoa, na jenga tabia: shusha resi taratibu, funga geti valvu, ndo uzime. Bila hivo maji yanazungusha impela kinyume, na impela za kufungwa kwa nyuzi zinajifungua zenyewe.

## Injini yenyewe

12. Ya petroli inawaka, inafanya kazi kama dakika kumi alafu inazima. Nikisubiri inawaka tena.

Legeza kifuniko cha tenki. Kama sasa haizimi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, mafuta yanashindwa kushuka. Lisafishe na sindano, kazi imeisha. Kama bado inazima, angalia kikombe cha uchafu chini ya koki ya mafuta, kisha plagi, mwanya wake kwa injini nyingi ndogo ni milimita 0.7 mpaka 0.8. Koili inayochoka ikipata moto ipo pia, ila plagi mpya ni rahisi zaidi kuijaribu kwanza.

13. Oili imejaa lakini inazima nikiiweka ukingoni mwa mto, nikiirudisha nyumbani inawaka.

Ukingo umelala upande. Injini nyingi ndogo za petroli zina kisensa kinachokata moto oili ikiwa chini, na injini ikiinama oili inahamia upande mmoja, kisensa kinaona pakavu. Chonga sehemu iwe tambarare. Kuna wanaokata waya wa kile kisensa. Nawaomba msifanye hivo, injini hizi zinabeba oili kama lita 0.6 tu, ikipungua hamna onyo lingine mpaka pistoni ikwame.

Oili ya kwanza ya injini mpya imwagwe baada ya saa 20, baada ya hapo kila saa 100. Anayemwagilia saa 8 kwa siku anafika saa 100 ndani ya wiki mbili, sio miezi sita.

14. Dizeli iliisha tenkini, nimejaza lakini haiwaki tena.

Hewa imeingia kwenye njia ya mafuta. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta, piga pampu ya mkono kama ipo au iache ishuke yenyewe, mpaka itoke dizeli bila mapovu, kisha kaza. Rudia kwenye pampu ya nozo. Mwisho legeza nati ya bomba la nozo, zungusha injini mpaka dizeli iteme pale, kaza, washa. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozo inayorusha: presha yake ni zaidi ya baa 100 na inapenya ngozi, na mtu aliyepigwa hivo anapelekwa hospitali hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

15. Moshi unasema nini?

Mweupe wakati wa baridi asubuhi sio shida, ukiendelea injini ikiwa ya moto angalia nozo, kompresheni au maji kwenye dizeli. Wa bluu ni oili inaungua, ringi au umejaza kupita alama.

Mweusi ndo wa kuzungumza, kwa sababu mafundi wengi wanakimbilia nozo. Safisha filta ya hewa kwanza. Alafu jiulize kama injini imebebeshwa mzigo mkubwa. Pampu ya impela inakula nguvu nyingi zaidi pale maji yanapotoka bure, bomba wazi na hamna mlima mbele. Ukiitoa ilikokuwa inapandisha mita 40 ukaileta bondeni kujaza majaruba, inamwaga maji mengi kuliko ilivyopangiwa na injini inalia. Kaza geti valvu ya kutoa kidogo, moshi unakatika.

Na kwa za mikanda, hesabu puli. Mizunguko ya pampu ni ya injini mara kipenyo cha puli ya injini gawanya kwa kipenyo cha puli ya pampu. Injini ya S195, ile dizeli ya Kichina ya silinda moja, inayozunguka 2,000, puli inchi 6 kwenda inchi 8, pampu inapata 1,500. Mtu akiweka inchi 7 kwa sababu ndo iliyokuwepo dukani pampu inakwenda 1,750, na nguvu inayodaiwa inapanda karibu asilimia 60. Moshi mweusi wa hivo hauponi kwa nozo.

16. Injini inachemsha maji.

Kama ni zile za silinda moja zenye tangi la maji juu badala ya redieta, kuchemka ndo zinavyopozwa, mvuke ni kawaida. Angalia kile kiboya chekundu, kikishuka ongeza maji taratibu, usimwage ya baridi mengi kwa mpigo kwenye injini iliyokauka. Za redieta kuchemka ni ugonjwa: angalia mkanda wa feni, mapezi yaliyojaa nyasi na vumbi, na mzigo (swali la 15).

17. Nawezaje kujua nimeuziwa mafuta yaliyochakachuliwa?

Petroli yenye mafuta ya taa inaacha unyevu wa grisi kwenye karatasi baada ya kukauka, na injini inagoma kuwaka ikiwa ya baridi. Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianzisha kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta 2010, Kenya waliweka ushuru kwenye mafuta ya taa 2018 kukata faida ya kuchanganya, lakini ya kwenye madumu njiani hayana mlinzi. Dizeli acha itulie usiku mmoja kwenye chupa inayoonyesha ndani, maji yanakaa chini. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi usiiamini, na ukimaliza msimu funga koki uiache injini imalize yaliyoko kwenye kabureta.

18. Dizeli imepanda resi yenyewe na haizimi!

Watu wote wakae mbali na mikanda na kaplingi. Kata mafuta. Kama bado inakimbia inakunywa oili yake, ziba njia ya hewa kwa ubao au kitambaa kizito kilichokunjwa, kamwe usizibe kwa kiganja, au inua wenzo wa dikompresheni (unaoachia mbano wa silinda) kama upo. Usiiwashe tena mpaka ijulikane sababu.

## Mazingira magumu na mambo ya mara mojamoja

19. Mto wangu una mchanga mwingi, impela inaisha kila msimu.

Toboa pipa matundu, lizamishe likiwa limeinuliwa juu ya mawe lisiguse chini, alafu weka chujio humo ndani. Maji yanaingia polepole na mchanga mwingi unabaki nje. Kwa maji ya tope la machimboni nunua pampu ya uchafu yenye impela ya njia pana, ile ya maji safi hata uitunzeje itakufa.

20. Natumia maji ya chumvi.

Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila unapomaliza, ukiwa bado umeiwasha. Pampu ya aluminiamu baharini haidumu, tafuta ya shaba au chuma kisichoshika kutu.

21. Nikiunganisha pampu mbili napata mara mbili?

Ukizipanga moja inalisha nyingine, urefu wa kusukuma unajumlishwa, wingi wa maji unabaki uleule. Hakikisha kesingi na sili ya pampu ya pili vinahimili presha ya zote mbili. Ukiziweka sambamba kwenye bomba moja jembamba unapata nyongeza ndogo tu, msuguano unameza iliyobaki.

22. Kisima changu ni mita 12. Naweza kushusha mashine nzima chini?

Hapana. Tafadhali, hapana. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na ndani ya shimo inajaa kwa dakika chache. Mtu anashuka kuongeza mafuta, anaishiwa nguvu kabla hajajua, wa pili anashuka kumwokoa naye anabaki. Familia inapoteza watu wawili watatu kwa mashine moja. Hata injini ikiwa imezimwa usishuke mpaka shimo limepulizwa hewa safi, mtu amefungwa kamba na wenzake wako juu wamemshika. Injini ikikaa juu mdomoni, iweke mbali, tena upande ambao upepo hausukumi moshi shimoni.

Kisima cha mita 12 kinataka pampu ya kuzama ya umeme, ya jenereta au ya sola. Jenereta nayo inabaki juu.

23. Kiwandani tuna pampu ya dizeli ya zimamoto, inawashwa mara moja kwa mwaka wakati wa ukaguzi. Inatosha?

Haitoshi. Kanuni za NFPA, chama cha kinga ya moto cha Marekani, ambazo viwanda na hoteli nyingi zinazifuata zinataka ya dizeli iwashwe kila wiki, dakika 30. Betri ndo inayoangusha nyingi, ikitulia isome volti 12.6 ikiwa imejaa, na dizeli iliyokaa mwaka mzima inaota uchafu chini ya tenki. Wakati wa zoezi hakikisha valvu ya kunyonya iko wazi yote na kuna maji kidogo yanayotoka ya kupozea pampu.

24. Nimepata pampu ya mtumba kwa bei nzuri, nipime nini kabla ya kulipa?

Usikubali kuona injini ikiwaka kavu. Iwekwe kwenye maji, hata pipa, ivute yenyewe kutoka mita mbili tatu, alafu fanya kipimo cha swali la 7 ukiwa na geji yako. Iwashwe ikiwa ya baridi na iwashwe tena ikiwa ya moto. Zungusha shafti kwa mkono, isikwaruze wala kucheza juu na chini. Vuta kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia kwenye oili, iache. Angalia chini ya kesingi kama kuna ufa uliozibwa kwa gundi, na kibati cha namba kiwepo, bila kile hata spea utanunua kwa kubahatisha.